Ganzi ya mkono kwa njia ya vena: dalili za hitilafu, vyanzo vyake na namna ya kuzitatua

Katika thieta (vyumba vya upasuaji) ndogo za mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Magu hadi Sengerema na kuvuka maji hadi kisiwa cha Ukerewe, majeraha ya mkono ni kazi ya kila juma: dereva wa bodaboda aliyevunjika kifundo, bibi aliyeteleza kwenye miamba akijikinga kwa kiganja, kijana wa kiwanda cha minofu aliyejikata kano za vidole kwa kisu. Kwa kazi fupi za chini ya kiwiko, ambazo hazitarajiwi kupita saa moja, ganzi ya mkono kwa njia ya vena bado ni njia nzuri, nafuu na rahisi kujifunza. Mkono hukamuliwa damu, hubanwa kwa turniketi, yaani mkanda unaojazwa upepo, kisha dawa ya ganzi huingizwa kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Daktari Mjerumani August Bier aliieleza mwaka 1908, akitumia dawa ya ganzi ya prokeini iliyofungiwa kati ya mikanda miwili, na ilipata uhai mpya mwaka 1963 ilipoanza kufanywa kwa lignokeini, dawa nyingine ya ganzi.

Ninawaandikia wenzangu waliokwisha kufundishwa njia hii chini ya usimamizi, na ambao hukutana na mambo yasiyokwenda sawa mgonjwa akiwa tayari mezani. Asiyewahi kuifanya akiwa na msimamizi asianzie hapa.

Kila hitilafu nitakayoieleza inarudi kwenye jambo moja. Dozi tunayoiingiza kwenye vena ni kubwa kiasi kwamba, ikifika moyoni na kwenye ubongo kwa mkupuo mmoja, yaweza kuleta degedege au kuusimamisha moyo. Kinachoizuia isifike huko ni mkanda wa turniketi peke yake. Kwa hiyo mtu anayeuangalia mkanda ana kazi nzito kuliko anayeshika bomba la sindano, na haifai awe ni yule yule anayevuta mfupa au kushona jeraha.

Yasiyoweza kutatuliwa mgonjwa akishalala mezani

Yapo matatizo ambayo dawa yake ni kutokuanza kabisa. La kwanza kwetu ni selimundu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye watu wengi zaidi nchini wanaozaliwa na ugonjwa huu au kubeba kinasaba chake. Kuukamua mkono damu, kuubana na kuunyima oksijeni kwa nusu saa ni kuziandalia chembe nyekundu mazingira yale yale yanayozifanya zijikunje na kuziba mishipa. Swali la selimundu liulizwe kwa maneno ambayo mgonjwa anayafahamu: kama aliwahi kulazwa mara kwa mara utotoni kwa maumivu ya mifupa, kama aliwahi kuongezewa damu, kama ana ndugu mwenye tatizo hilo. Pakiwa na shaka, kipimo kifanywe kwanza. Mwenye ugonjwa huo afanyiwe ganzi ya aina nyingine.

Halafu kuna mgonjwa ambaye presha yake ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) inapita 200, kwa kuwa mkanda hautaweza kuishinda kwa usalama. Mwenye mkono mnene sana au wenye umbo la pia, ambako mkanda huteleza. Mwenye mishipa iliyoharibika, jeraha la kupondeka au maambukizi makali katika mkono huo. Mwenye hitilafu ya umeme wa moyo au kifafa kisichotulizwa. Mwenye mzio wa dawa hizi. Na mtoto asiyeweza kutulia. Hao wote nisingewafanyia.

Kuhusu dawa yenyewe, nitalitaja kosa ambalo ni rahisi mno kulifanya. Lignokeini tunayoitumia huwa ya asilimia 0.5, lakini kwenye kabati zetu mara nyingi hupatikana ya asilimia 2 au 1, nasi ndio tunaoizimua. Bupivakeini ya ganzi ya uti wa mgongo, kwa upande wake, huwa imeandikwa asilimia 0.5 tangu kiwandani. Muuguzi mgeni akiambiwa "niletee ile ya nusu asilimia," anaweza kwa nia njema kabisa kukuletea bupivakeini. Dawa hiyo hung'ang'ania misuli ya moyo na ni vigumu mno kumrudisha mgonjwa aliyesimama moyo kwa sababu yake. Vifo vilivyoripotiwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndivyo vilivyoiondoa kabisa katika njia hii. Isitumike hata kama lignokeini imekwisha, na lignokeini yenye adrenalini nayo isitumike. Mwenye kuzimua asome jina kwenye kichupa kwa sauti, na mwenzake alisikie na kuliona.

Hesabu yake ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, bila kupita miligramu 200 hata kwa mtu mwenye mwili mkubwa. Mama wa kilo 50 anastahili miligramu 150, yaani mililita 30 za asilimia 0.5, ambazo unazipata kwa kuchanganya mililita 7.5 za lignokeini ya asilimia 2 na mililita 22.5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Miligramu 200 ni mililita 10 za asilimia 2 pamoja na mililita 30 za maji ya chumvi. Vichupa visivyo na dawa ya kuhifadhi ndivyo vinavyofaa, pale vinapopatikana.

Mkanda hausimami kwenye kipimo ulichouweka

Huu ni mtihani wa kufanya kabla mgonjwa hajaingia. Jaza upepo, funga mirija, kaa dakika tano ukitazama geji. Mshale ukishuka, chanzo huwa ni mpira wa ndani uliotoboka, mirija ya mpira iliyopasuka kwenye viungio kwa sababu ya uzee, au vali inayolegea. Njia ya fundi baiskeli bado inafaa: zamisha mpira na mirija kwenye beseni la maji, tazama povu linatokea wapi. Kilichotoboka kibadilishwe, plasta ya kubandika haiwezi kuaminiwa kwa kazi hii.

Ikiwa mtihani ulikwenda vizuri lakini mshale ukashuka mkononi mwa mgonjwa, tazama velkro ya kushikiza, kwani manyoya yake yakijaa nyuzi za pamba huachia polepole presha inapopanda. Zungushia bandeji pana juu ya mkanda kabla ya kujaza upepo, nayo itazuia usifunguke. Mkanda wa mashine ya kupimia presha inayojiendesha usitumike kamwe, maana umetengenezwa ili ujilegeze wenyewe. Mkanda wa mashine ya mkono nao haukuundwa kustahimili presha ya juu kwa muda mrefu, na wanaoutumia kwa kukosa kingine wanajiweka mahali pa hatari ambapo mimi sitaki kumwona mgonjwa.

Kwa wenye turniketi ya umeme, umeme ukikatika mashine isiyo na betri nzuri inaweza kuacha kufidia upepo unaovuja. Koleo za kubania mirija ziwe karibu, na betri ijaribiwe kwa kuchomoa waya makusudi asubuhi, wala isisubiriwe siku ya kukatika kwa umeme ili ijulikane kama ni nzima.

Ganzi haishiki, au imeshika vipande vipande

Kwanza subiri. Dakika tano hadi kumi ni za kawaida, na nimeona wenzangu wakianza kuvuta mfupa dakika ya tatu kisha wakasema dawa ni feki. Ikiwa dakika kumi zimepita na mgonjwa bado anasikia ncha ya sindano, tafuta chanzo katika mpangilio huu.

Chanzo cha mara nyingi ni damu iliyobaki mkononi. Dawa inapokuta vena zimejaa, huchanganyika na damu na hupungua nguvu, tena haifiki kwenye neva ndogo za vidole. Mkono unapaswa kukamuliwa kwa bandeji ya mpira kuanzia kwenye ncha za vidole hadi kwenye mkanda; na pale ambapo mfupa uliovunjika unauma mno kiasi kwamba bandeji itakuwa mateso, unyanyuliwe juu kwa dakika tatu hivi huku ateri (mshipa unaopeleka damu mkononi) ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, ikibanwa kwa vidole. Kunyanyua mkono nusu dakika, kwa haraka, hakutoi damu ya kutosha.

Chanzo cha pili ni kanula (kijibomba cha kuingizia dawa) iliyotoka venani wakati wa kuzungusha bandeji. Ukiona uvimbe laini na weupe ukituna mahali pa sindano, dawa imeingia chini ya ngozi. Ndiyo maana kanula ndogo, ya bluu, huwekwa kwenye mgongo wa kiganja, hufungwa kwa plasta imara, na hujaribiwa kwa maji ya chumvi kidogo kabla ya mkanda kujazwa upepo. Isiwekwe kwenye mkunjo wa kiwiko, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Chanzo cha tatu ni ujazo mdogo: mtu amehesabu miligramu sawasawa lakini akaiacha dawa katika asilimia 1, hivyo akasukuma mililita 15 ambazo hazijazi vena za mkono mzima.

Utatuzi si kuongeza dozi ya pili juu ya ya kwanza. Ikiwa dozi ya juu imekwisha kutolewa, kilichobaki ni daktari wa upasuaji kuongeza dawa kidogo sana mahali penyewe ndani ya kiwango kilichobaki cha mgonjwa huyo, au kubadili mpango na kutumia ketamini, dawa ya usingizi, kwa mgonjwa aliyefunga kula. Mkanda hauondolewi ili "tuanze upya" kabla ya dakika 20, hata kama ganzi haikushika hata kidogo. Dawa bado imo mkononi.

Mkono unageuka zambarau na jeraha linatiririka damu

Hapa mkanda umebana vena lakini haukubana ateri: damu inaingia na haitoki. Gusa mapigo ya kifundo. Ukiyapata, jibu umelipata. Huenda presha ya mgonjwa imepanda kwa woga au maumivu tangu ulipoipima, au mkanda umevuja. Kipimo ninachokifuata ni angalau milimita 100 za zebaki juu ya presha yake ya juu, ambayo kwa watu wazima wengi huangukia kati ya 250 na 300. Pandisha hadi mapigo yapotee, kisha mtazame mgonjwa kwa makini, maana dakika zile ambazo mkanda ulikuwa dhaifu zinaweza kuwa zimeruhusu dawa kupita.

Madoadoa meupe na ya samawati yanayotokea kwenye ngozi mara baada ya kuingiza dawa, pamoja na hisia ya joto au kufa ganzi kwa kuchomachoma, ni ya kawaida. Mwambie mgonjwa mapema ili asiogope.

Mgonjwa analalamikia mkanda, wala si mfupa

Baada ya dakika 20 hadi 30, maumivu mazito ya kubanwa hutokea kwa karibu kila mtu. Turniketi yenye mikanda miwili ilibuniwa kwa ajili hiyo: unaanza na mkanda wa juu, ulio karibu na bega, mgonjwa akilalamika, unajaza wa chini, ambao umekaa juu ya ngozi iliyokwisha kufa ganzi, kisha unautoa upepo ule wa juu.

Katika kubadilishana huko ndipo makosa hutokea. Jaza wa chini kwanza, tazama geji yake, ubonyeze kwa kidole ujiridhishe kwamba ni mgumu, utaje kwa sauti, na hapo ndipo uufungue wa juu. Mirija miwili inayofanana rangi ni mtego. Funga uzi mwekundu kwenye mrija wa juu tangu asubuhi. Mikanda hii miwili ni myembamba kuliko mkanda mmoja mpana, hivyo kila mmoja hubana kwa udhaifu zaidi kuliko geji inavyodai. Kwa sababu hiyo mimi hutumia mkanda mmoja mpana kwa kurudisha mfupa wa kifundo, kazi ya robo saa, na naiweka ile miwili kwa kazi za kano.

Mlio masikioni wakati mkanda bado umejaa upepo

Mgonjwa anasema mdomo umekuwa mzito, midomo inachonyota, anahisi ladha ya chuma, anasikia mlio kama wa redio isiyoshika stesheni, au anaanza kuongea kwa kuvutavuta maneno. Wakati mwingine hasemi lolote ila anakuwa na wasiwasi ghafla. Hizi ni dalili za dawa kufika kwenye ubongo, na zikitokea dakika za mwanzo maana yake mkanda unapitisha.

Vyanzo ni vitatu. Upepo umepungua. Au dawa ilisukumwa kwa kasi, hasa kupitia kanula ya kwenye kiwiko, hata presha ndani ya vena ikapita presha ya mkanda kwa muda mfupi. Hii ndiyo sababu ya kuingiza polepole, kwa dakika moja na nusu hadi tatu, kupitia kiganjani, kwenye mkono uliokamuliwa vizuri. Au dawa inapita kupitia vena zilizo ndani ya mfupa wa mkono wa juu, ambazo hakuna mkanda unaoweza kuzibana. Hiki cha mwisho huwezi kukizuia, nacho kinatosha kuwa hoja ya kutomwacha mgonjwa hata dakika moja.

Acha kusukuma dawa. Pandisha mkanda. Mpe oksijeni kwa barakoa, endelea kumsemesha, na mwite mwenzako. Kanula ya pili kwenye mkono mwingine, ambayo iliwekwa tangu mwanzo, sasa ndiyo njia pekee ya kumtibu; asiyeiweka atajuta akiitafuta vena kwa mtu anayetikisika.

Degedege au moyo kuyumba baada ya kulegeza mkanda

Miaka yangu ya mwanzo, katika hospitali moja ya visiwani, tulimrudishia mvuvi mfupa wa kifundo. Ulirudi mara moja, kwa mvuto mmoja, na plasta ya jasi ikafungwa. Ilikuwa dakika ya tisa tangu dawa iingie. Kila mtu alifurahi, na msaidizi akafungua vali kwa sababu kazi imekwisha. Mvuvi alisema, "Daktari, masikio," halafu mwili ukakaza. Tulimpumulisha kwa ambu (mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono), tukampa diazepamu ya kutuliza degedege, naye akazinduka akiwa salama, lakini sijawahi tena kufungua mkanda bila saa iliyoandikwa ukutani.

Kwa hiyo saa huandikwa ubaoni dawa inapomaliza kuingia, na mkanda haufunguliwi kabla ya dakika 20, hata upasuaji ukiisha dakika ya tano. Muda huo unaipa dawa nafasi ya kujishikiza kwenye tishu, ili inayorudi kwenye mzunguko iwe kidogo. Kati ya dakika 20 na 40, wengi wetu hufungua kwa sekunde kumi, hujaza tena kwa dakika moja huku tukimsemesha mgonjwa, na hurudia mara mbili au tatu. Upande wa pili, muda wa juu ni saa moja hadi saa moja na nusu, na mimi huishia kwenye saa moja.

Dalili zikitokea, jaza mkanda tena mara moja. Fungua njia ya hewa, mpe oksijeni, mpumulishe kama hapumui vizuri, kwa sababu kukosa oksijeni na damu kuwa na asidi huzidisha makali ya dawa hii. Kwa degedege mpe diazepamu miligramu 5 hadi 10 polepole kwenye vena, au midazolamu miligramu 2 hadi 5. Mapigo yakiporomoka au moyo ukisimama, anza kukandamiza kifua na uwe tayari kuendelea kwa muda mrefu kuliko kawaida. Adrenalini itolewe kwa dozi ndogo ndogo, isiyozidi mikrogramu 1 kwa kilo kila mara, na usimpe lignokeini kutuliza mapigo. Palipo na mafuta ya vena (emulsheni ya lipidi) ya asilimia 20, dozi ya kwanza ni mililita 1.5 kwa kilo kwa muda wa dakika moja hivi, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 90, kisha mililita 0.25 kwa kilo kila dakika. Propofoli, dawa ya usingizi, haiwezi kuchukua nafasi yake ingawa nayo ni nyeupe kama maziwa. Itaishusha presha ya mgonjwa ambaye tayari hana presha. Kituo kisicho na mafuta hayo kina sababu zaidi ya kuheshimu dozi na saa, na namba ya simu ya hospitali ya rufaa iwe imebandikwa karibu na oksijeni.

Wachache wanaotumia prilokeini, dawa nyingine ya ganzi, waongeze jambo moja. Dozi ikizidi, mgonjwa anaweza kugeuka rangi ya bluu huku akipumua vizuri, na kipimo cha oksijeni kikakwama karibu na asilimia 85. Methilini ya bluu hutibu hali hiyo kwa miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, lakini ni hatari kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao si haba katika jamii zetu zilizoishi na malaria vizazi na vizazi.

Maumivu yamerudi kabla mgonjwa hajatoka mezani

Ganzi hii huondoka upesi mkanda ukishafunguliwa, mara nyingi ndani ya robo saa. Hiyo si hitilafu ya dawa. Ni hitilafu ya mpango. Paracetamoli au diklofenaki ianze kufanya kazi kabla ya mkanda kufunguliwa, na plasta ifungwe, picha ya eksirei ipigwe na kutazamwa kabla ya hapo pia, kwa kuwa mfupa usiokaa sawa utahitaji kuvutwa tena wakati mkono bado hausikii.

Mgonjwa abaki akiangaliwa angalau nusu saa, na mimi hupendelea saa nzima. Wanaotoka Ukerewe huwa na haraka ya meli, na ndugu hukuomba umruhusu "tu, Daktari, tutakuwa naye." Mwelezee ndugu huyo kwa upole kwamba ndani ya meli hakuna oksijeni wala dawa, na kwamba kulala usiku mmoja mjini ni nafuu.

Anapoondoka aambiwe kwamba vidole vikivimba na kuwa baridi, maumivu yakizidi chini ya plasta badala ya kupungua, au vidole vikikataa kunyooka, arudi siku hiyo hiyo kwenye kituo kilicho karibu ili plasta ipasuliwe. Ganzi ya kidole au udhaifu wa kifundo unaobaki hadi kesho yake hutokana zaidi na mkanda uliobana neva kuliko dawa. Katika faili andika dozi kwa miligramu, presha ya mkanda, saa ya kujaza na saa ya kufungua, ili atakayemwona kule Nansio, Ukerewe, au Sengerema aweze kujua neva ile ilibanwa kwa muda gani.